Mama Asiye na Ushanga

Nyinyi vijana mnaofanya kazi ya kuchora kwa kompyuta nyumbani, nisikilizeni. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu tu, lakini macho yangu ni mazima. Nililoliona hapa Nawoitorong, Lodwar, ni kweli.

Ilikuwa 2012, watu wakianza kuongea habari ya mafuta ya ardhini. Mjukuu wangu Akiru alikuwa ametoka chuo na kompyuta yake. Alikuwa akichora nyumbani kadi za harusi, mabango ya maduka, na zaidi vile vitabu vya mazishi. Kwanza mtu alileta picha ya marehemu, ndipo kazi ilipoanza.

Siku moja saa saba mchana, jua lile la kufukuza hata kuku, akaja mama wa shuka nyeusi.

"Ejok," akatusalimu kwa lugha yetu. Akasema ametoka Kakuma, amefiwa na binti.

Shingo yake haikuwa na ushanga hata mmoja. Kwetu mwanamke huvua ushanga akiwa na msiba, kwa hiyo nilimhurumia. Nikampa chai.

"Picha iko wapi, mama?" Akiru akauliza.

"Hakuwahi kupigwa. Nitakuambia alivyokuwa, wewe chora."

Akiru akakubali. Hilo ndilo kosa.

"Punguza shavu. Refusha shingo. Tena kidogo."

Nikatania, "Mama, huyo alikuwa msichana ama twiga?" Akiru akacheka. Mgeni hakucheka. Nikatazama chai: haijaguswa. Nzi walikuwa wamejaa mikononi mwangu na usoni kwa Akiru. Kwake? Hakuna hata mmoja.

"Weka kovu chini ya kidevu," akasema.

Nikasogea na jagi langu la maji nikaangalia kompyuta. Aliyechorwa alikuwa Akiru! Kovu ni lile la sufuria iliyomuunguza akiwa na miaka minne, mikononi mwangu mimi.

"Akiru, hujioni?"

"Nani, nyanya? Si ni marehemu wa huyu mama?"

Mtoto hakujitambua. Mgeni akasema polepole, "Imebaki jina tu."

"Anaitwa nani?" Akiru akauliza.

Yule mama akanigeukia mimi. "Uliza nyanya yako."

Ningefanya nini? Nilimwaga maji yote juu ya kompyuta. Ikalia kidogo, ikafa. Akiru akapiga kelele kama mtu aliyeamshwa. Mama yule akasimama, hana hata hasira.

"Kakuma hawaniulizi picha," akasema, akatoka. Mchangani mlangoni kulikuwa na nyayo zangu na za kuku. Zake hazikuwepo.

Mwaka uliofuata tulikwenda Kakuma, tukauliza habari za mama huyo. Tulipelekwa kwa mjane wa fundi wa kuandika mabango. Akatuonyesha ubao: uso wa mumewe, kauchora mwenyewe, na jina lake chini kwa mkono wake.

"Aliniambia anachora kijana wa mama mmoja asiye na ushanga," akasema. "Jioni hiyo hiyo akalala, hakuamka."

Akiru yu hai. Lakini hadi leo akitazama kioo huniita: "Nyanya, huyu ni mimi?" Nami hukimbia kumjibu, hata kama ugali unaungua.

Kwa hiyo niliamuru nyumba nzima, na nyinyi mshike: anayetaka kuchorewa marehemu alete picha. Kama hana, apewe maji, aende zake. Na akiwa bado ameketi hapa, mtu yeyote asimwite Akiru kwa jina.