Blauzi Isiyofumuliwa

Mwalimu Sindano alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona mshono umepinda akanyamaza. Miaka ishirini na sita alifundisha ushonaji, na kila mwisho wa muhula alibeba kazi za wanafunzi hadi nyumbani, akazifumua, akazishona upya mwenyewe. Wazazi wakafurahi, mwalimu mkuu akachekelea, darasa zima likafaulu. Na wanafunzi je? Walijua kupiga pasi, basi!

Binti yake wa pekee alikuwa humo humo darasani. Huyo ndiye aliyedekezwa mpaka basi. Hata kifungo hakuwahi kushona. "Lete hapa, mwanangu, utajichoma."

Kwa cheti chake kizuri akapata kazi kiwanda cha sare. Siku ya kwanza msimamizi akampa blauzi ambayo bado haijatiwa mikono. "Haya, dada, pachika." Loo! Mkono wa kushoto aliupachika ndani nje. Kabla ya saa sita mchana alikuwa nje ya geti na mkoba wake.

Alifika nyumbani, akasimama mlango wa jikoni. "Mama, umenishonea kila kitu. Mimi nimebaki na nini?" Akafunga nguo zake, akahama. Simu hapokei.

Miezi minane! Mwalimu alikuwa anatenga sahani mbili, halafu moja anairudisha kabatini. Redio aliiwasha tangu asubuhi ili angalau nyumbani kuwe na mtu wa kuongea. Alikuwa mpweke, tusidanganyane.

Jumamosi moja akaletewa kifurushi. Ndani mna blauzi ya bluu, saizi yake kabisa, na karatasi: "Najifunza upya kwa fundi wa karibu na stendi. Hii nimeshona mwenyewe. Mama, usiifumue."

Akaitandaza mezani. Mama yangu! Bega limejikunja, mkono wa kushoto umevutika. Vidole vikaanza kumwasha. Akachukua wembe, akakata uzi mmoja begani. Mmoja tu. Ndipo akaisoma ile karatasi tena, akalia kwa sauti.

Aliivaa hivyo hivyo, akaenda hadi kwa yule fundi. Binti aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akaliona bega.

"Umefumua."

"Uzi mmoja, mwanangu. Nisamehe. Sikushona upya."

Binti akavuta kiti. "Kaa hapo. Usiguse kitu."

Mwalimu akakaa, akaikalia mikono yake yote miwili.