Mwimbaji Aliyekwenda Kuteka Maji

Nikisema sioni aibu kuusimulia mkasa huu nitakuwa nimesema uongo, na kwa kuwa ni uongo mmoja mdogo tu ulionifikisha pale nilipofika, bora nianze kwa kukiri: mimi, Mwalimu Hilari wa Chiwata, mtu mzima mwenye kaptura iliyopigwa pasi na kalamu mfukoni, niliwahi kupiga yowe mbele ya mama wa binti niliyekwenda kumposa, kwa sababu ya kitu nilichokikalia mwenyewe. Na hilo halikuwa baya kuliko yote siku hiyo.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu Masasi, na kila Jumapili baada ya ibada tulikutana Mkomaindo, nyumbani kwa Danieli, dresa, yaani mfunga vidonda wa hospitali, watu kama saba hivi, kusikiliza santuri za wachunga ng'ombe wa Amerika. (Usiniulize kwa nini watu wa Masasi, ambako ng'ombe ni wa kuhesabu kwa vidole, tulizipenda nyimbo za wachunga ng'ombe. Tulizipenda tu.) Nyingi zilitoka kwa Wazungu wa mashamba ya karanga kule Nachingwea, waliokuwa wakifunga virago na kuuza kila kitu, viti, vyandarua, magramafoni. Tulipenda gitaa lao, na zaidi ile sauti inayoruka ghafla kutoka kifuani hadi kichwani kisha ikarudi, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde.

Utaratibu wetu ulikuwa huu: santuri inapigwa pande zote mbili, hakuna kusema, halafu kila mtu anatoa maoni yake na mimi, katibu, naandika katika daftari.

"Huyu wa treni ndiye bora," Danieli alikuwa akisema kila Jumapili bila kuchoka. "Gitaa lake linakwenda kama treni yenyewe."

"Treni umeipanda lini wewe?" Bakari, dereva wa lori la korosho, alikuwa akimjibu. "Mimi nipeni yule wa zamani anayemlilia mama yake. Lori likinifia mlimani, huyo ndiye namwimba mpaka wanikute."

Mlangoni alikuwa akikaa Ester, muuguzi, ambaye hakusema sana, lakini akisema, hata Danieli alinyamaza. Alikuwa na masikio. Ukisifu wimbo kwa sababu tu wenzako wameusifu, alikuwa akikutazama hivi, bila kukasirika, mpaka unajirekebisha mwenyewe. Nami, kwa ufupi, nilitaka kumwoa, na nilikwisha kumwambia, naye alikwisha kunijibu jibu la kwao: "Mimi sina neno, Mwalimu. Neno lipo kwa mjomba." Kwetu huku mwenye kauli ya mwisho juu ya binti ni kaka wa mama yake, na mjomba wa Ester, Mzee Likumba, alikuwa mkulima wa korosho huko Makote, upande wa Newala, mwenye gramafoni lake mwenyewe na sifa ya kuzipenda santuri hizi kuliko sisi sote.

Sasa uongo wenyewe. Jumapili moja Ester alituambia kwamba mjomba wake ameletewa albamu mpya kutoka Mtwara, yaani kitabu kikubwa cha makaratasi magumu chenye santuri nne ndani, na juu picha ya mwanamume mwenye kofia pana. Hakuna aliyewahi kuisikia. Kisha, nadhani kwa mazoea, wote wakamgeukia katibu.

"Mwalimu, hiyo unaijua?" Danieli akauliza.

Kusema "siijui" ni neno moja tu. Lakini Ester alikuwa ananitazama, na mimi nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nimeisikia. Nachingwea, kwa Mzungu mmoja."

"Ehee! Ipi nzuri?"

"Ya nne," nikasema (kwa nini ya nne? hata leo sijui), "upande wa pili. Yule bwana analia pale, jamani. Anaanza chini, polepole, halafu anaipandisha ile sauti mpaka unasikia baridi mgongoni."

Bakari akapiga goti lake kwa kofi. Jumatatu alipanda na lori kwenda Newala, na maoni yangu yakapanda naye, yakisimama kila mahali lori liliposimama. Siku chache baadaye akarudi na salamu.

"Mwalimu, umepata! Mzee Likumba anasema uende Jumamosi. Anataka kumwona mtu mwenye masikio kama hayo. Santuri hajaipiga hata moja, sindano zimemwishia, na kwa albamu mpya hataki kutumia mwiba kama anavyofanya kwa zile kuukuu. Anakusubiri wewe. Na uende na sindano."

Nilitaka kufurahi. Kabla hata ya kumtuma mshenga, mjomba mwenyewe ananiita! Lakini ukitazama vizuri, na mimi ni mtu wa kutazama vizuri nikishachelewa, utaona kwamba kati yangu na aibu palikuwa na kitu kimoja tu, sindano ya gramafoni, na kazi ya kuinunua nilipewa mimi.

Ester alitangulia Ijumaa kumsaidia mama yake, ambaye aliishi uani kwa mjomba. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Usisahau sindano, Mwalimu." Sikusahau. Nilikwenda dukani, mwenye duka akanihesabia kumi na mbili kwa rejareja, akazifunga katika kipande cha gazeti, nikazitia mfuko wa nyuma wa kaptura. Njia nzima ya kupanda mlima, juu ya magunia, nilijadiliana na nafsi yangu. Mara nyingi niliitoa ile karatasi nikataka kuitupa, mara nyingi nikairudisha, maana nimelelewa kutotupa kitu kilichonunuliwa. Lori lilipofika Newala nilikuwa nimeamua kama mtu mwenye busara: nitasema dukani hazikuwapo. Albamu haitapigwa, posa itazungumzwa, na ukweli utasubiri siku nyingine.

Nilitembea mpaka Makote. Barazani kwa Mzee Likumba nilikuta watu si chini ya ishirini, wanaume vitini, wanawake mikekani, wote wamekuja kusikiliza. Gramafoni lilikuwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, na albamu kando yake. Nikasalimia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Umetuletea sindano?"

"Samahani, Mzee. Nimezunguka maduka yote ya Masasi. Hakuna hata moja."

Baraza zima likaguna. Ester alikuwa karibu na mlango, akanitazama, ule mtazamo wake. Mzee Likumba alisikitika kimya kimya, akafunga kifuniko cha gramafoni, akasema, "Haya, mgeni hasimami," akanisogezea kigoda, na mimi, kwa heshima zote, mbele yake na mbele ya Mama Ester aliyekuwa ameinamisha macho kama inavyotakiwa kwa mkwe, nikaketi.

Ile karatasi ya gazeti ilikuwa imechanika zamani sana, juu ya magunia.

Sitaeleza sauti niliyoitoa. Ester anadai mpaka leo kwamba ilianzia kifuani ikaruka kichwani, na kwamba hakuna mchunga ng'ombe wa Amerika aliyewahi kuifikia. Niliruka, sindano mbili zikabaki zimening'inia kwenye kaptura na nyingine zikamwagika sakafuni, tiki tiki tiki, mbele ya watu ishirini. Mama Ester akajifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Mzee Likumba aliinama, akaokota moja, akaitazama kwenye mwanga.

"Kumbe maduka ya Masasi yamehamia huko nyuma," akasema.

Hapo, jamani, palikuwa na mlango wa kutokea. Ningesema tu, "Nisamehe, Mzee, nimedanganya, tena mara mbili," wangecheka, yangekwisha. Badala yake nikasema nilikuwa nimesahau kwamba ninazo.

"Vizuri," akasema Mzee. "Basi kabla sijapiga, watu hawa wamesikia habari tu kwa dereva. Tuambie mwenyewe. Ya nne, upande wa pili."

Nikasimama (kukaa nisingeweza). Nikaeleza. Na ubaya wangu ni kwamba nikianza kueleza jambo naeleza kwa mpango: kwanza gitaa, pili maneno, tatu sauti. Nikasema mtu huyu ameachwa na mchumba, amekaa peke yake na farasi wake, analia. Nikaonyesha kwa mkono jinsi sauti inavyopanda. Mwishoni, maana watu walikuwa wananisikiliza kwa huruma kubwa, mwanamke mmoja hata ametoa machozi, nikaiimba kidogo.

Mzee Likumba akazungusha mkono wa gramafoni, akatia sindano yangu mwenyewe, akaishusha taratibu.

Ikaanza. Ilikuwa fidla, lile zeze la Kizungu, inakwenda mbio kama kuku aliyefunguliwa, na nyuma yake miguu ya watu wanaocheza ngoma, tap tap tap, na mtu mmoja anapiga makofi.

"Anakuja," nikasema. "Huu ni mwanzo tu."

Fidla ikazunguka, ikarudi palepale, ikazunguka tena.

"Sasa hivi. Hapa ndipo anapoingia."

Hakuingia. Watoto walianza kucheza uani. Nilikuwa nimeinua mkono kama mwongoza kwaya, nikimngoja mtu asiyekuwapo, na sikuthubutu kuushusha. Mpaka santuri ikaisha na sindano ikabaki inakwaruza, hakuna binadamu aliyefungua kinywa.

Bibi mmoja mikekani akasema kwa upole kabisa, "Labda ameteremka bondeni kuteka maji."

Ukiwa hujakaa kule juu hutaelewa jinsi baraza lile lilivyolipuka. Uwanda wa Newala ni mkavu, bomba kwao lilikuwa bado ni habari ya kusikia, na mwanamke akitoka asubuhi na debe kuteremka ngazi za mlima hadi kisimani, mumewe hana haki ya kuuliza habari zake mpaka jua limepinda. "Tumsubiri jioni!" mmoja akapiga kelele. "Farasi wake kabeba debe!" mwingine akaitikia. Walicheka mpaka wengine wakalala chini. Ester tu ndiye hakucheka, na hilo liliniuma kuliko zile sindano.

Mzee Likumba aliwaacha wamalize.

"Mwalimu," akasema, "huyo bwana umetuahidi wewe. Sasa mfuate ukamlete. Hawa kina mama wanateremka sasa hivi."

Nilidhani anatania. Akaingia ndani akatoka na debe.

Nilishuka na wanawake tisa, mimi ndiye mwanamume pekee, na kaptura yenye matundu mawili. Kushuka walinifundisha mahali pa kukanyaga. Kupanda, debe likiwa begani na maji yananimwagikia shingoni, waliimba, na wimbo ulikuwa na maneno mawili tu, "Anakuja! Anakuja!" Nilipumzika mara sita, wao mara moja. Njiani Ester, aliyekuwa nyuma yangu na debe lake kichwani bila kulishika, akasema kwa sauti ndogo:

"Ungesema hujaisikia, tungeisikia pamoja."

Nikalihamishia debe bega la pili, nikaendelea kupanda.

Tulifika jua likianza kulegea. Debe langu lilikuwa nusu. Mzee Likumba alichota kikombe, akanywa mpaka mwisho, akafuta midomo.

"Maji haya umeyaona kwa macho yako," akasema. "Hukusimuliwa. Ukiniambia ni baridi, nitakuamini. La posa leo sitalisikiliza. Kaa kwanza usikilize hizi santuri zote nne, halafu uende zako. Siku nyingine uje uniambie ulichosikia, hicho tu."

Nikakaa mkekani, kwa ubavu. Kulikuwa na nyimbo nzuri ndani ya albamu ile. Ya pili, upande wa kwanza, yule bwana alilia kwelikweli. Hakuna aliyeniuliza.

Nilirudi Makote mara mbili kabla Mzee hajasema mshenga aje, na kila safari niliteremka na debe bila kuambiwa. Siku ya harusi yetu Bakari mwenyewe alilipakia gramafoni la Mzee kwenye lori, na wakapiga ile ya nne, upande wa pili, wageni wote wakainua mkono mmoja juu wakaita, "Anakuja!" mpaka fidla ikaisha.

Daftari la katibu nilimkabidhi Ester. Tangu siku ile, watu wakiniuliza wimbo mpya ninauonaje, hata kama nimeusikia mara kumi, najibu kwamba bado nausikiliza. Na kitu chochote chenye ncha nakitia mfuko wa mbele, mahali ninapokiona.