Oke ya Masele

Donatus Masele aliishia darasa la tatu, na Kiingereza chote alichotoka nacho shuleni kilikuwa neno moja: oke. Lilimtosha. Ukimsalimu, oke. Ukimpa chai isiyo na sukari, oke, huku amenuna. Mkewe Paskalina alizijua oke zote za mumewe. Ile fupi ilikuwa ya kukubali, ya kuvutwa ilikuwa ya nimekusikia ila sifanyi, na iliyosemwa mara mbili ilifunga mjadala, watu wakalale. Mimi Euphrasia, muuza chai wa hapa Mwakitolyo, nilimcheka miaka minne. Sasa simcheki.

Kazi yake ilikuwa winchi. Duara letu, yaani shimo la dhahabu, ni refu kiasi kwamba sauti ya mtu wa chini haifiki juu, ndiyo maana katikati pamefungwa jukwaa la mbao na hapo hukaa mtu wa kupokezana maneno na mifuko ya udongo. Mtu huyo alikuwa Davis. Chini kabisa alikuwa Mihayo, mdogo wake Paskalina, aliyeacha ng'ombe wa baba yake kule Ibadakuli akamfuata shemeji yake. Dada mtu alikataa wiki nzima. Alikubali pale Masele alipomwahidi kwamba winchi haitazunguka asubuhi yoyote kabla Mihayo hajakagua matimba, yale magogo yanayozuia udongo, na kuitikia kwamba ni mazima.

Ahadi hiyo aliishika kwa kipimo cha kikombe. Akishauliza, alianza kunywa chai yangu taratibu. Swali lishuke kwa Davis, lishuke tena kwa Mihayo, Mihayo agonge magogo, kisha oke ipande. Kikombe kilikuwa kinafika nusu. "Wabeja, mayu," ananiambia, asante mama kwa Kisukuma, anashika mpini wa winchi.

Alhamisi ile mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Mihayo alishuka asubuhi akitafuna andazi langu. Kalisti, mwenye duara, alikuja na hasira za siku mbili za kukaa bure. Masele akainama shimoni akauliza, akanyanyua kikombe. Oke ikaja kabla chai haijamgusa mdomo.

Akakitua kikombe kikiwa kimejaa, akanitazama. Akauliza mara ya pili. Ikaja vilevile.

"Wamesema oke," Kalisti alisema. "Unasubiri barua?"

"Imekuja haraka, bosi."

"Basi leo wana afya. Zungusha."

"Oke," Masele alisema, ile ya kuvutwa. Lakini akazungusha. Kikombe nilikiona, na maana yake niliijua sawa na yeye. Niliogopa. Nikageukia karai langu la maandazi nikanyamaza, kwa sababu watu wa Kalisti ndio wanunuzi wangu, na mdomo mara nyingi huponza kichwa. Leo najua hata kunyamaza huponza, tena kichwa cha mwingine.

Mfuko wa kwanza ulipanda, na wa pili. Wa tatu Masele alipoumwaga, alichota udongo kiganjani, akausugua, ukatoka vumbi. Baada ya mvua ile, udongo wa chini ulipaswa kuwa tope. Huu ulikuwa wa kabla ya mvua, mifuko iliyobaki pale jukwaani kwa Davis. Asubuhi nzima hakuna kitu kilichopanda kutoka kwa Mihayo.

Hakupiga kelele. Alimpandisha Davis kwa kamba, akamuuliza taratibu kama Mihayo alijibu. Davis alikaa chini, akaanza kufuta miguu yake matope ambayo hayakuwepo.

"Nilimwita, hakusikia," alisema. "Nikajua yuko mbali ndani. Nikaitikia kwa niaba yake."

Nani asiyemwitikia mwenzake huku kwetu? Kwenye mkutano wa kijiji jina likiitwa na mwenyewe katoka kidogo, jirani husema yupo, anakuja. Ni ubinadamu. Davis alifanya ubinadamu huo mara mbili, na sisi wa juu tukazungusha winchi.

Masele alijifunga kamba kiunoni akashuka mwenyewe. Wanaume wengine wakamfuata na sururu. Kalisti alikuwa akiuliza kila mtu nani amempigia nani simu. Saa nne kasoro Masele alipanda kuvuta pumzi, tope hadi kifuani.

"Magogo mawili yamelala," aliniambia. "Nimegonga, nimeita. Kimya."

Simu yake ilikuwa kwenye benchi langu, ikaanza kulia. Paskalina hupiga kutoka nyumbani kila siku saa nne, baada ya kukamua, na huuliza jambo moja. Masele akaipokea kwa mikono miwili.

"Baba Lusia, Mihayo yuko oke?"

Niliisikia sauti yake vizuri, ina haraka ya mtu mwenye kazi nyingine inayomsubiri. Paskalina alingoja, kisha akacheka kidogo. "Haya, nipe hiyo oke yako niende zangu."

Masele alininyooshea simu, akaishika tena kamba na kuteremka. Nikaiweka sikioni. Kikombe chake kilikuwa bado pale mbele yangu, kimejaa, kimepoa.

"Mama Lusia," nilisema, "Mihayo hajaitika."