Pasheni Haichumwi

Mume wangu aliniudhi kwa mengi, lakini hakuna alichoniudhi nacho kuliko ule mpasheni. Aliuotesha kwa mbegu alizozitema mwenyewe, siku tuliyotoka kwetu Vidunda kumzika shangazi yangu. Kule milimani pasheni zinajiotea juu ya vichaka, hakuna anayezihangaikia. Nikamwambia hii ya baridi haitaliweza joto la Kilosa. Akanijibu kwamba hata mimi ni wa baridi, na joto la Kilosa limeninenepesha. Ndivyo alivyokuwa, mdomo wake haukujua likizo.

Mimi nilikuwa na giligilani yangu. Nyuma ya bafu, chini ya chandarua kikuukuu nilichokitundika kiwe kivuli, nilikuwa na matuta machache, na mama ntilie wa Mikumi, wale wa barabara kuu wanaolisha madereva wa malori, waliitaka bila kuchoka. Nilifunga mafungu alfajiri nikayatuma kwa basi la kwanza. Giligilani hiyo ndiyo iliyotulisha, ingawa mzee wangu aliiita majani ya sungura.

Giligilani ni kitu cha kudeka. Mbegu yake unaiviringishia chupa kwanza ili ipasuke vipande viwili, ndipo uimwage palepale itakapokulia, maana ukiihamisha inanuna na kufa. Mizizi yake iko juujuu, kwa hiyo inataka maji kidogo, asubuhi na jioni, bila kukosa. Jua likiizidi inakimbilia maua, na ikishatoa maua majani yake hayafai hata kwa mchuzi wa mgonjwa. Kwa hiyo unaikata ingali changa. Mpasheni ni mambo mengine kabisa. Unataka jua la kutwa, shimo refu, maji mengi kwa mkupuo kisha uuache upumue. Unataka nguzo na waya, kwa sababu wenyewe hauwezi kusimama. Ukiushindilia samadi unakupa majani matupu. Yale maua ninayoyaogopa kwenye giligilani ndiyo unayoyapigia magoti kwenye mpasheni. Na tunda lake halichumwi. Unangoja lidondoke lenyewe, ndipo limeiva sawasawa.

Wakati wa kiangazi bomba letu hutoa maji kwa kusuasua, kwa hiyo tuligombania ndoo. Nikigeuka tu, maji yangu yote yamemwagwa kwenye shina la mpasheni na giligilani imelala chini kama nywele zilizonyeshewa. Mzee alisema mmea unaokufa kwa kiu ya siku moja haustahili kuishi, na kwamba unafanana na ndugu zangu. Nikamjibu kuwa mpasheni ndio unaofanana na yeye, haujui kusimama mpaka ushikiliwe. Tulisemezana hivyo mbele ya wageni, tena tukifurahia.

Halafu chakula kikaanza kumkwama. Ugali ulikuwa wa kwanza kumkataa, ukafuata wali, kisha hata uji ukawa wa kubembeleza. Hospitali wakatuambia ni saratani ya koo, imeshakwenda mbali, turudi nyumbani tumpe anachokitaka. Alichokitaka ni juisi ya pasheni. Nikakimbia sokoni, nikanunua zile nono, nikakamua, nikachuja, nikampelekea. Akausukuma mkono wangu, kikombe kikaniangukia kifuani. Mtaa mzima ulikuwa umemcheka kwa mpasheni wake usiozaa, na yeye alikuwa amewaapia kwamba watamwona akinywa ya kwake. Sasa alitaka kutimiza kiapo kabla koo halijaziba. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Maua yalikuja, yakapukutika. Yakaja mengine, yakapukutika. Mwishowe likashika tunda moja. Moja tu, jamani, kwa mmea uliokunywa maji yangu yote yale.

Mzee akaamuru kitanda chake kihamishiwe barazani. Tumbili wa kwetu hawaachi kitu, kwa hiyo akaniamuru nikate mkono wa shati lake, nishone upande mmoja uwe mfuko, nilivishe lile tunda, kisha niufunge mdomo wa mfuko kwenye waya kwa kamba. Akapiga marufuku mtu yeyote kuligusa au kulinyooshea kidole, maana kwao tunda changa likinyooshewa kidole linaoza. Basi tukaanza kuishi na ule mkono wa shati. Kulipokucha tu aliutazama ukining'inia, akatikisa kichwa, akasema bado.

Watu waliokuja kumwona walinong'ona na kuinamisha nyuso, isipokuwa mtani wake, mwanamke mmoja mtu mzima wa Masanze. Babu wa mume wangu aliletwa huku kukata mkonge, na kabila lake na la mama yule yanataniana tangu zamani. Mtani hakasirikiwi. Alikaa miguuni pa kitanda akamwambia mgonjwa afanye hima kufa, kwa sababu lile koti lake la Krismasi anataka kulivaa kabla halijaliwa na mende. Mzee alicheka mpaka akakohoa damu. Mimi niliyemfulia matandiko hakunichekea hata kidogo, na iliniuma.

Siku maji yenyewe yalipoanza kurudi kupitia puani, nilikwenda nikasimama mbele yake na kisu.

"Nalichuma," nilisema. "Nitatia sukari."

"Pasheni haichumwi."

"Koo lako halitangoja."

Akavuta pumzi kwa shida, akanirushia methali. "Mvumilivu hula mbivu."

"Hiyo aliitunga mtu mwenye koo zima," nikamwambia.

Akageuzia uso ukutani. Nilikuwa nimechoka, nina usingizi, nina hasira, na moyoni nikasema haya, ngoja basi, tuone nani atachoka kwanza, wewe au tunda lako. Nikarudi kumwagilia giligilani. Kuanzia hapo hakumeza kitu tena, hata mate, nikawa namlowesha midomo kwa kitambaa. Alikata roho mchana, macho yakiwa kwenye ule mkono wa shati.

Mazishini mtani alifanya kazi yake. Aliingia kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Tuliporudi nyumbani kula, nikamwona anatoka ndani amevaa koti la mzee, amejaza kanga tumboni, anakohoa kikohozi kilekile. Akapanda kitandani pale barazani. Akaomba uji, akautema. Akanitukana kwa sauti ya mzee, kwamba nimenenepa kwa majani ya sungura huku yeye anakufa kwa njaa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mchungaji naye alificha mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Niliwachukia wote.

Kisha akajikongoja mpaka kwenye mpasheni, akanyoosha mkono.

"Hilo usiguse," nikasema.

"Nani ananikataza?" aliuliza. "Mimi ndiye marehemu."

Shemeji yangu mkubwa akanishika bega akanikumbusha kwamba mtani hakatazwi. Mtani akafungua fundo la kamba nililolifunga mwenyewe, akaushusha ule mkono wa shati. Nilisubiri kumwona akilivuta tunda kwa nguvu kutoka kwenye kikonyo. Hakuvuta. Aliupindua mfuko tu, na tunda likaviringika likaingia kiganjani mwake. Lilikuwa jeusi, limekunjamana ngozi kama pasheni inavyokunjamana ikishakaa siku nyingi tangu idondoke. Juu kwenye waya kilibaki kikonyo kitupu, kimekauka.

Mtani akalitazama, akanitazama mimi. Akaiacha sauti ya mzee, akasema kwa sauti yake mwenyewe.

"Mbona hili lilishadondoka humohumo ndani, mama? Mlikuwa mnangoja nini?"

Watu wakadhani ni utani, wakaangua kicheko. Akalipasua kwa meno, akalifyonza, akameza. Niliona koo lake likipanda na kushuka bila shida yoyote. Akasema ni tamu, haitaki hata sukari, akaninyooshea nusu iliyobaki. Ndipo nikalia, kwa mara ya kwanza tangu afe. Wanawake wakanizunguka, wakaniambia nilie tu, nimlilie mume wangu. Nilikuwa simlilii. Nilikuwa namtukana, moja baada ya jingine, kila tusi nililolijua, na hakuwepo wa kunijibu.