Wamama Wawili, Mstari Mmoja

Jina la mukaka wangu sitaliandika hapa. Hata nikiliandika hautajua kama ni yeye, na habari yote inaanzia hapo.

Mukaka ndiye mama ya mama yangu. Kwetu mtoto anapata jina kwa kufuata zamu yake ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ana lake, wa pili lake, wa tatu lake, na vivyo hivyo mpaka tumbo lipumzike. Ukisimama katika soko la Butembo ukaita jina la msichana wa tatu, vichwa vinageuka pande zote. Tangu utoto nilipenda jambo hilo. Niliona ni kama sisi wote tuko nyumba moja kubwa. Sikuwaza kwamba siku moja lingetufungia njia.

Vita vilipofika tulikimbia shamba letu upande wa Mabalako na nguo tulizovaa tu. Karte ya zamani ya mukaka, ile ya utambulisho, ilibaki ndani ya sanduku, na nyumba ikaungua. Tangu siku ile tunaishi Butembo, katika chumba ambamo ninashona. Niliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari, mais lakini siku moja nitakuwa na atelie ya kushonea yenye vioo mbele, na mukaka atakaa mlangoni kukaribisha watu. Amekwisha kukubali kazi hiyo. Ameomba tu kiti chenye mgongo.

Halafu habari ikatufikia kutoka Beni: mdogo wake, mtu pekee aliyebaki katika wale wa tumbo moja naye, hainuki tena kitandani, na kila asubuhi anauliza kama dada yake amefika. Mukaka akafunga kitenge akapanda gari. Kwenye bariere, pale magari yanaposimamishwa, askari wakaomba karte. Akawaonyesha barua ya kanisa. Wakaisoma mpaka mwisho, wakamrudishia, wakamshusha. Alirudi Butembo kwa lori la mbao, ameketi mbele kama bibi ya mukubwa fulani, akala chakula chote. Ndipo nikamwambia kwamba karte hiyo nitaitafuta mimi, na kwamba mdogo wake atamwona.

Siku zile karte mpya zilikuwa zimeanza. Walisema mtu anaweza kujiandika kwanza kwa simu, kisha aende biro, ofisini kwao, kuonyesha uso na vidole. Mukaka hana simu. Hata ukimpa yangu anaishika kama yai. Donc basi nilijaza mimi, kwenye kiti changu cha kushonea, nikisikia raha kwamba nami nimesoma kidogo. Simu ikauliza jina. Nikaandika lile la zamu. Ikauliza la ubatizo. Nikaandika lile ambalo wamama wengi wa umri wake walibatizwa nalo. Ikauliza la katikati, lile alilopewa kwa ajili ya mama ya baba yake. Nikaliruka, kwa sababu ni refu na simu ilikuwa karibu kuzima. Kijiji chake hakikuwa ndani ya orodha; nikachagua Beni. Siku ya kuzaliwa haijui. Anajua tu kwamba maharage yalikuwa yanavunwa, na kwamba nzige walikuwa wamepita mwaka uliotangulia. Nikakisia mwaka, nikaweka tarehe moja ya mwezi wa kwanza, nikaminya. Nilifurahi sana. Leo ninajua kwamba nilimwandika mukaka kwa namna ambayo nusu ya wamama wazee wa kwetu wangeweza kuingia ndani.

Kwenye biro tulipanga mstari tangu asubuhi. Zamu yetu ilipofika, mukaka akakaa mbele ya kamera, akanyoosha kitambaa cha kichwa, na kabla hajapigwa picha akamwuliza kijana wa biro uso wake unapelekwa wapi. Kijana akasema Kinshasa. Mukaka akauliza ni nani anaulinda kule. Kijana akacheka. Mukaka hakucheka. Kijana akapiga picha.

Halafu vidole. Vidole vyake vimelima, vimemenya muhogo, vimeinua vyungu vya moto bila kitambaa. Mashini ikawasha taa nyekundu. Kijana akavipangusa na alkoli, akavipaka mafuta, akavikandamiza yeye mwenyewe: nyekundu. Kisha akatazama kompyuta, akakunja uso, akamwita kama bibi yake mwenyewe.

“Koko, wewe ulisha kuandikwa.”

“Mimi? Siku gani?”

“Mwezi ulipita. Na karte ulisha kupokea.”

Mukaka akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyeikula.

Kijana hakuwa mbaya. Alitueleza polepole: jina la zamu ni moja, la ubatizo ni moja, tarehe ni moja, Beni ni moja, na vidole havikusema kitu cha kupinga. Kwa kompyuta huyu ni mutu mumoja anayetaka karte mbili. Nikamwuliza tufanye nini. Akasema tusubiri. Nikauliza mpaka lini. Akainua mabega, akaita wa nyuma yetu.

Njiani nililia kidogo, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Mukaka aliacha nilie mpaka tukapita kituo cha piki. Halafu akasema, “Donc kuko mutu anatembea na mimi.” Akaona neno hilo ni tamu, akalirudia mpaka nyumbani. Mimi nilikuwa nimekwisha kuliokota: kama mutu huyo yuko, anaweza kutafutwa. Na kama anaweza kutafutwa, anaweza kuletwa biro.

Jumapili nikapeleka karatasi kwa msomaji wa matangazo kanisani. Niliandika kwamba tunamtafuta mama mwenye jina fulani na fulani, aliyeandikwa Beni, tarehe moja ya mwezi wa kwanza, na kwamba hana kosa. Msomaji alipofika kwenye jina, wamama saba wakasimama. Mukaka naye akasimama. Nikamvuta kitenge.

“Wewe kaa, tunatafuta mwingine.”

“Mais wanaita mimi.”

Kanisa zima likacheka, hata pasta. Baada ya ibada wale saba wakatuzunguka nje. Wanne hawakuwa wamejiandika hata kidogo. Waliogopa, au hawakuwa na simu, au hakuna mtu aliyewaambia. Wawili tarehe zao zilikuwa nyingine. Wa saba alikuwa mama mnene mwenye sauti kubwa, anayetoa viazi Lubero na kuuzia Butembo. Alichomoa karte kutoka ndani ya nguo, na mstari kwa mstari ilikuwa ile niliyomwandikia mukaka. Picha tu ilikuwa yake.

Nilipomwomba aje nasi biro, alirudisha karte kifuani na mkono akauacha juu yake. Alisema bila karte hawezi kupita kwenda Lubero, na bila Lubero hana viazi, na bila viazi wajukuu wake watakula nini. Je, wakisema mwenye kuiba jina ni yeye? Nilimwonea huruma, maana kile alichoogopa ndicho kilichokuwa kimetupata.

Mukaka akamshika mkono.

“Karte yako ibaki yako, mwenzangu. Sihitaji kitu chako. Nataka tu uje, batuone tuko wawili.”

Yule mama akamtazama sana. Akamwuliza ni msichana wa ngapi, ingawa jibu alilijua, na wakaanza kucheka kama watoto. Jumatatu alikuwa mlangoni kwetu mbele ya jua kutoka, amevaa viatu vya Jumapili.

Kijana wa biro alipowaona wamekaa pamoja, alisogeza mashini. Akachukua kidole cha muuza viazi: taa ya kijani. Cha mukaka: nyekundu. Akatoka kumwita mukubwa wake. Mukubwa akasoma, akawatazama, akasoma tena. Akasema, ni kweli, ni wawili, anaona. Lakini kompyuta haiwezi kufungua mstari mpya bila ruhusa kutoka Kinshasa, na koneksio ya mtandao haiko tangu jana. Mama mwenye karte aende kwenye biashara yake, huyu mwingine arudi juma lijalo.

Muuza viazi alikuwa amekwisha kusimama. Akakaa tena.

“Hapana, shefu. Nikitoka, mutasema tena tuko mumoja.”

Akakunja mikono. Mukaka naye akakunja. Mimi nikakaa chini karibu na miguu yao, nikatoa shati la mteja nililokuja nalo, nikaanza kushona vifungo. Hatukupiga kelele, hatukutukana mtu. Kila aliyeingia aliuliza hawa wanangoja nini, na muuza viazi akaeleza tangu mwanzo, kwa sauti ile yake ya soko. Mzee mmoja akasema hata yeye ana ndugu aliyeliwa na mwingine ndani ya kompyuta hivyo hivyo. Mama mwingine akataka kujua kama majina yao yakiingia mikono mibaya kule, nani atakuja kuwaambia. Mukubwa alifunga mlango wake, akaufungua, akaufunga. Saa ya chakula ikapita. Nilikuwa kwenye shati la pili.

Karibu na kufunga biro, mukubwa akatoka na karatasi. Alikuwa ameandika kwa mkono, na muhuri chini, kwamba wamama hawa wawili, ambao yeye mwenyewe amewaona pamoja, ni watu wawili, na kwamba mmoja anangoja karte yake. Safari hii niliomba waweke jina la katikati, lote, refu kama lilivyo. Nilimtajia herufi moja moja. Karatasi ni ya miezi mitatu.

Kesho yake tukapanda gari la Beni. Kwenye bariere askari akasoma karatasi midomo ikitembea.

“Na ule mwingine iko wapi?”

“Alienda Lubero kutafuta viazi,” mukaka akasema. “Unataka tumungoje?”

Askari akacheka mpaka mwenzake akaja kuangalia. Tukapita.

Mdogo wake alikuwa amelala ameelekea ukuta. Aliposikia sauti hakugeuka mara moja. Alisema dada yake amechelewa sana, kwamba alikuwa anafikiri wamemsahau. Mukaka akavua viatu, akapanda kitandani nyuma yake, akamfunika na kitenge chake.

“Nilikuwa watu wawili,” akamwambia. “Ilibidi batutenganishe kwanza.”

Mdogo akauliza ni maneno gani hayo. Mukaka akaanza kumsimulia, na mimi nikawaacha, nikaenda kuteka maji. Alikaa naye siku kumi na moja, mpaka ile ya mwisho. Ni mikono ya mukaka iliyomfumba macho.

Mimi nilirudi Butembo kabla yake, kwa sababu ya karte. Koneksio ilikuwa bado haiko. Kijana wa biro sasa ananijua. Kila Jumatatu ananiona nimekaa pale na nguo za watu za kushona vifungo. Juma lililopita alinisogezea kiti chenye mgongo. Nilimwambia wasingya, asante. Nikakaa.