Fundi Niliyemtukana Mbele ya Timu

Nilimtukana fundi mmoja mbele ya watu kumi na tatu. Nikamtukana vizuri hasa, mpaka wakanipigia makofi.

Fundi huyo nilikuwa mimi.

Mke wangu ameshasoma haya kabla yenu. Amesema nisipunguze kitu ili nionekane mtu wa maana. Basi sipunguzi.

Kazi yangu ilikuwa kukagua lifti. Miaka kumi na sita nimezunguka kwenye majengo ya watu na begi la spana begani. Mwaka jana daktari akanipima presha, akaangalia kipimo, akaniangalia mimi, akapima tena.

"Mzee, wewe unapandisha watu kila siku. Mwenyewe unapanda nini?"

Nilicheka. Mke wangu hakucheka. Jumamosi asubuhi akanishika mkono kama mtoto anayepelekwa shule, akanifikisha uwanja wa mpira, kwenye kikundi cha watu wanaopanda na kushuka ngazi za jukwaani wakibebana kwenye viti, mpaka jasho linawadondoka viwikoni.

Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mfupi, mkavu, sauti kama filimbi. Wote walimwita Kamanda. Akanipa fomu, nikajaza, nikasaini. Akaisoma taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Karibu. Wewe utakaa nyuma."

Siku ya kwanza nilitapika. Kinyozi mmoja kwenye kikundi akasema ninavyohema ni kama gari bovu linalopanda mlima, na kuanzia hapo jina langu likawa Injini. Nikakasirika. Wiki ya pili nikawa naitikia. Ya tatu, mtu akiniita kwa jina langu halisi nageuka nyuma nimtafute anayeitwa.

Unajua, fundi lifti anafanya kazi peke yake, ndani ya shimo. Sikuwahi kuwa na watu. Nilipoumwa malaria walikuja nyumbani kumi kwa mpigo, viti havikutosha, wengine wakakalia ndoo zilizofunikwa. Muuguzi wetu akanikemea kwa kuruka dawa. Kinyozi akaninyoa palepale kitandani, eti mgonjwa asionekane kama mfungwa. Walipoondoka nyumba ilikuwa kimya, nikajikuta natamani niumwe tena.

Ndiyo watu niliokuja kuwadanganya.

Mwezi wangu wa tatu kikundini, tukiwa tumekaa tunavuta pumzi, Kamanda akatangaza mashindano. Kuna kliniki ya waliopata kiharusi, ipo ghorofa ya tano, na lifti ya jengo imekufa. Kila timu itabeba wagonjwa kwenye viti, kutoka chini mpaka kliniki, na kila safari moja ina wafadhili wake. Kitakachopatikana kitanunua mashine mpya ya lifti.

Akataja jengo.

Nikaishusha chupa ya maji niliyokuwa nakunywa.

Jengo hilo lilikuwa langu. Namaanisha, lilikuwa kwenye orodha yangu. Kila mwezi nilitakiwa kupanda mpaka chumba cha mashine juu ya paa, nifungue, nitazame mafuta ya gia, nijaribu breki, kisha nisaini kadi inayotundikwa ndani ya lifti. Mwanzoni nilipanda. Baadaye nikazoea. Lifti ilikuwa haisumbui. Nikawa nafika getini, hata pikipiki sizimi, mlinzi ananiletea kadi, nasaini "mafuta sawa, breki sawa", naondoka. Karibu mwaka mzima.

Mafuta hayakuwa sawa. Yalikuwa yanavuja tone moja moja. Gia zikasagana kavu mpaka siku moja zikaumana, lifti ikagoma katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na watu wanne ndani.

Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Lakini mashine ilikwisha. Bosi akataka ripoti. Nilipofungua ile gia nilijua ndani ya sekunde moja nimefanya nini.

Nikaandika: "Uzito umezidishwa. Mhudumu wa lifti aliruhusu watu kupita kiasi."

Huyo mhudumu sikuwahi kumwona. Siku niliyokwenda kuandika ripoti alikuwa ameshaambiwa akae nyumbani. Nikajisemea, ah, mhudumu tu, atapata kazi nyingine.

Sasa nipo pale jukwaani, sijamwambia mtu kwamba kazi yangu ni lifti, Muuguzi anauliza, "Hivi lifti yenyewe ilikufaje?"

Kamanda akafunga kamba ya kiatu kwanza.

"Walisema nilijaza watu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza vitufe mle ndani. Inabeba wanane. Siku ile walikuwa watatu na mimi wa nne. Nikawaambia wahesabu waliotolewa. Wakasema fundi ameandika, na fundi ndiye anayejua."

Watu wakachafuka. Mwashi mmoja wa kikundi akasema huyo fundi akimpata atamjengea ukutani. Muuguzi akasema watu kama hao wana roho ya chuma. Wakawa wananitazama, kila mtu anatupa lake, imebaki zamu yangu.

Nami nikafungua mdomo.

"Mtu wa namna hiyo," nikasema, "hata mlango wa choo asipewe kutengeneza. Mvivu, muongo, hana haya. Angekuwa hapa ningemvua shati mbele yenu."

Makofi. Kinyozi akanipiga mgongoni, "Injini leo umewaka!"

Kamanda hakupiga makofi. Alinywa maji, akasimama. "Haya, ngazi. Injini, nyuma."

Kila siku nyuma. Mnaobeba kiti kwenye ngazi mnajua: wa mbele wanaelekeza, wa nyuma chini ndio wanaokula uzito wote. Wenzangu walikuwa wanabadilishana. Mimi, nyuma kulia, tangu siku ya kwanza. Nikadhani ni kwa sababu ya mwili wangu.

Wiki zile sikuwa mtu. Naandika ujumbe wa kujitoa, "nimepata safari ya kikazi", nafuta. Naandika ujumbe wa kukiri, nafuta huo pia. Sikukiri kwa sababu ningewapoteza. Sikuondoka kwa sababu hiyohiyo. Mke wangu akiniuliza mbona chakula kinarudi jikoni, namwambia mazoezi yanakata hamu.

Siku ya mashindano ikafika. Timu sita, vipaza sauti, wagonjwa wamepangwa kwenye kivuli na jamaa zao. Tumevaa fulana za kijani zenye jina la kikundi kifuani. Nimeshusha kofia mpaka kwenye nyusi.

Mlinzi wa geti akaniona hata hivyo.

"Aaa, fundi! Leo umeamua kuingia ndani?"

Kikundi kizima kikageuka.

"Umenifananisha, kaka," nikasema.

Alinitazama kama mtu aliyepewa noti bandia. Kisha akainua mabega, akarudi kwenye kiti chake. Sijui kama umewahi kumkana mtu ambaye kwa karibu mwaka mzima amekuwa akikuletea kadi kwa mikono miwili. Masikio yalinichoma.

Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjika kifuani kama bawa. Tukamfunga mkanda. Kamanda na Kinyozi mbele, Muuguzi nyuma kushoto, mimi nyuma kulia. Binti yake Mwalimu akawa anapanda pembeni na mkoba.

Ghorofa ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu, Muuguzi, ambaye hawezi kukaa bila kuuliza, akamwuliza yule binti, "Mkono wa baba unaendeleaje?"

"Ulikuwa umeanza kufunguka," binti akasema. "Alikuwa anashika chaki. Kabisa, anaandika jina lake ukutani. Lifti ilipokufa tukashindwa kumpandisha. Miezi saba hatukuja. Sasa vidole vimekaza, wanasema huenda ndiyo basi."

Mwalimu akageuza shingo, akanitazama mimi niliyekuwa chini yake, nahema. Akasema kwa ule ulimi wake mzito, neno moja moja, "Pole, mwanangu. Mimi... mzito."

Nikasimama palepale ngazini.

"Wekeni kiti," nikasema. "Wekeni chini, nitamwangusha."

Tukakiweka kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne. Timu nyingine ikatupita na kelele zake. Sikutazama mtu.

"Fundi ni mimi. Mlinzi hakunifananisha. Sikuwahi kupanda kukagua, nilisaini getini. Halafu nikamsingizia Kamanda."

Kinyozi akaachia mdomo wazi. Muuguzi akasogea mbali nami hatua moja, hatua moja tu, nami mpaka leo naihisi. Binti yake Mwalimu akashika kichwa.

Kamanda akainama, akashika mguu wa kiti.

"Nyanyua."

"Kamanda, nimesema..."

"Nimesikia. Mwalimu hajafika. Nyanyua kiti."

Tukanyanyua. Tukaipanda ghorofa ile ya mwisho. Tulimfikisha, wahudumu wa kliniki wakampokea, kisha Kamanda akanivuta dirishani.

"Nilijua," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Ile kadi ilikuwa mbele ya uso wangu siku nzima, miezi minane. Sahihi yako ina mkia kama ndoano. Ulipojaza fomu pale uwanjani nilikujua kabla sijakunja karatasi."

"Sasa mbona ulinipokea?"

Nilitegemea aseme kitu kizuri. Kwamba ameshasamehe, kwamba ana moyo mkubwa.

"Nilitaka nikuone unapanda ngazi," akasema. "Sikufichi. Siku ile ulipotapika nilikula vizuri nyumbani. Unafikiri kwa nini unakaa nyuma kila siku? Nilipanga nikuchoshe mpaka ukimbie."

Akafuta jasho kwa fulana.

"Halafu hukukimbia. Wengine wakakupenda. Ukaumwa, nikajikuta nimekalia ndoo nyumbani kwako. Nikakasirika zaidi. Nikasema nitasubiri mpaka leo. Ukishuka ngazi hizi bila kusema, nakutangaza kwenye kipaza sauti."

Nilikuwa nimekiri ikiwa imebaki ghorofa moja na kushuka.

"Nisamehe," nikasema.

"Kwanza kaseme kwa mwenye jengo. Kwa maandishi, kwa sahihi hiyohiyo. Mengine tutaona."

Tulipanda safari nyingine kumi na moja siku ile. Hatukushinda, tulikuwa wa nne.

Jumatatu nikaandika ripoti nyingine. Kampuni ikanifukuza kazi, na haki yao. Mashine mpya wakailipa wao, kwa kuwa kosa lilikuwa la fundi wao, na michango ya mashindano ikanunua vifaa vya mazoezi vya kliniki. Kamanda aliitwa arudi kazini. Alikataa mara mbili mpaka wakamwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, ndipo akarudi. Siku hizi natengeneza pampu za maji na feni. Muuguzi alichukua miezi miwili kunisalimia. Mwashi bado hanisalimii.

Mkono wa Mwalimu haukufunguka. Nilikwenda kwake kumwomba radhi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba apelekwe ndani kulala. Hakusema amenisamehe. Nami sina haki ya kumdai.

Ninachoweza kukwambia wewe unayesoma ni hiki. Kosa langu la kwanza lilikuwa uvivu, na uvivu ungetengenezwa kwa mafuta na mashine mpya ndani ya wiki mbili. Uongo ndio uliokula miezi saba. Ningesema siku ileile nilipofungua gia, yule mzee leo angekuwa anaandika jina lake ukutani.

Kama kuna jambo unajua umeharibu na mtu mwingine anabebeshwa, kaseme leo. Utaaibika, ndiyo. Lakini kuna watu wanaosubiri, na vidole vyao vinakaza.