Picha Iliyogeuzwa Ukutani

Agnela, jirani yangu hapa mtaa wa Levolosi, anashona sare za shule. Ana ugonjwa ambao kwao Rombo hakuna anayeujua: anakusanya picha zisizo na mtu, mti wala ng'ombe. Ni rangi na mistari tu. Msanii huchonga ubao, huchapa nakala kumi na tano, huziwekea namba kwa penseli, kisha huuvunja ubao. Zikiisha zimeisha. Wenzake wananunua vitenge, yeye ananunua hizo.

Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa nyekundu, yenye michirizi myeusi. Alikuwa ameibana kwenye kipande cha mbao ukutani, bado haijawekewa kioo.

Ndipo jumuiya yetu ya kanisa ikapangiwa kusali kwake Jumamosi. Agnela aliogopa hadi sindano ikamchoma kidole. Mtaani walisema picha za namna ile ni za frimasoni, na mwenyekiti wetu, Mama Evaresta, si mtu wa kumung'unya maneno.

"Akiiona nimekwisha," aliniambia. "Wataniombea nitolewe mapepo mbele ya wanangu. Nani ataniletea kitambaa tena?"

"Si uifiche chumbani?"

"Wakija kusali wanalaza watoto wao kule. Na uvunguni kuna panya."

Sasa, mgeni wa sala hakaribishwi kwenye ukuta mchafu. Asubuhi ya Jumamosi Agnela akaitoa picha, akapaka sebule rangi, halafu kwa kuchanganyikiwa akairudisha imegeukia ukuta. Akili za uoga hizo, na mimi nilikuwepo, sikumzuia.

Rozari nzima Agnela hakuacha kuuangalia ule ukuta. Nami niliogopa, nisiseme uongo. Sala ilipoisha Mama Evaresta akainuka, akaenda moja kwa moja ukutani.

"Agnela mwanangu, mbona umeigeuza? Kila nikipita dirishani naitazama. Inanikumbusha shuka la marehemu mzee wangu, kule Olmotonyi. Leo nilitaka nikae karibu nayo."

Akaishika, akaivuta. Rangi mbichi ilikuwa imeing'ang'ania karatasi. Ikachanika, na nusu ya wekundu ikabaki ukutani.

Agnela akajifunika uso kwa kanga, akalia. Mama Evaresta aliendelea kushika kile kipande cha mbao, kisha akanigeukia mimi na kuniuliza kwa sauti ya chini:

"Alikuwa ananiogopa mimi?"